Msamaha wa Jumanne

Zilikuwa zimebaki siku tano Abdulwahab Chirau aondoke kwenda Maka, na Kinondo nzima ilikuwa imeshaanza kumwita Alhaji. Haraka ya nini jamani, mtu hata begi hajafunga! Muuza duka alimwita Alhaji, waendesha boda wa pale kona walimwita Alhaji, na watoto wa madrasa walimpigia shikamoo Alhaji huku wakicheka. Naye Abdulwahab, fundi wa vitanda vya kamba aliyefikisha miaka hamsini na minane bila kuitwa chochote ila Wahabu, aliitika. Aliitika kwa sauti ya chini, na kila alipoitika alitazama kando.

Kwetu mtu hafungi safari ya hija hivi hivi. Hupita nyumba kwa nyumba akitaka radhi, kwa sababu kule haendi mtu na dhuluma ya mwenzake mgongoni. Maneno yake yanajulikana: nisamehe kwa nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Na jibu lake linajulikana: nimekusamehe duniani na akhera. Hakuna anayeuliza, "Kwani umenikosea nini?" Kuuliza ni kukosa adabu. Hapo ndipo penye tundu, na Abdulwahab alikuwa akipita katika tundu hilo tangu Ijumaa.

Watu walimsamehe kwa furaha. Jirani yake Bi Kache alimsamehe akiwa anafagia, hata ufagio hakuuweka chini. "Nimekusamehe, mwanangu, duniani na akhera. Ila ile ngazi yangu uliyoazima mwaka jana irudi kabla hujapanda ndege." Wakacheka, ngazi ikarudi. Kufikia Jumatatu jioni alikuwa amewamaliza wote, wa karibu na wa mbali. Alibaki mmoja, Twaiba wa Bongwe.

Sasa tuseme wazi, maana hakuna faida ya kuzungukazunguka. Twaiba ni binamu yake, binti wa shangazi yake, na wote wawili wamelelewa na bibi mmoja. Miaka kumi na sita iliyopita wapimaji walipokuja Kinondo ili watu wapewe hati za mashamba, hakuna aliyekuwa na karatasi. Kamati ya wazee ikawa inauliza jambo moja tu: hapa pamezikwa kitovu cha nani? Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kikianguka hufukiwa katika shamba la wazazi wake, na juu yake hupandwa mnazi. Mnazi ule ni wake mpaka siku ya kufa kwake. Kwenye shamba lenye shaka, kati ya Twaiba na Abdulwahab, palikuwa na mnazi mmoja mrefu, uliochongwa vidato vya kupandia tangu chini. Ulikuwa wa kitovu cha Twaiba, alioupanda mama yake kwa mkono wake. Wa Abdulwahab ulikuwa upande wa pili wa njia na ulishaangushwa na upepo zamani.

Siku ya kamati Twaiba hakuweza kuja. Alikuwa Msambweni kwa mama mkwe wake, ndani ya arobaini, amejifungua mtoto wake wa kwanza na wa pekee akiwa na miaka thelathini na tisa, baada ya watu kumwita tasa mpaka wakachoka wenyewe. Akampigia simu Abdulwahab. "Kaka, nisemee wewe. Waonyeshe mnazi wangu." Abdulwahab akaenda. Mwenyekiti wa kamati akauliza, kitovu cha nani? Akafungua mdomo na kusema, "Changu." Ni neno moja tu. Wazee waliokuwa wakijua walikuwa wameshazikwa, na wawili watatu waliobaki walidhani ndugu wameelewana. Jioni akampigia Twaiba: "Wazee wamekataa, dada yangu. Nimesema mpaka sauti imenikauka."

Na Twaiba aliamini. Hilo ndilo lililomla Abdulwahab kuliko shamba lenyewe. Tangu mwaka ule, kila Idd, Twaiba alimletea sahani ya vileja iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, shukrani kwa kaka aliyemsimamia mbele ya watu. Sahani thelathini na mbili, kwa Idd mbili za kila mwaka, na zote alizila.

Kipande cha shamba hilo kilichopakana na barabara alikiuza mwaka jana kwa mtu wa Nairobi, na nauli ya Maka ilitoka hapo. Kilichobaki ni nyumba yake, nyumba inayojengwa ya mwanawe Abdulaziz, na mnazi.

Jumanne alimkuta Twaiba mlangoni pa chumba alichopanga Bongwe, amekaa mbele ya karai, anageuza mahamri. Binti yake Mbeyu, msichana wa Kidato cha Pili, alikuwa akipanga mahamri yaliyoiva ndani ya ndoo.

"Shikamoo, kaka! Ee, Alhaji mwenyewe! Mbeyu, mletee mjomba kiti, hicho kisichoyumba."

"Marahaba. Twaiba, nimekuja kukuaga."

"Najua. Nilikuwa nakungoja nikasema, huyu kaka atanisahau mimi wa Bongwe?"

Abdulwahab hakukaa. Aliogopa akikaa hatasema, kisha akagundua kwamba hata akisimama hatasema. Maneno yaliyotoka ni yale yale aliyowaambia watu wote. "Nimekuja kutaka radhi. Nisamehe kwa nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua."

"Nimekusamehe, kaka, duniani na akhera." Twaiba hata hakungoja amalize. "Lakini wewe nawe una la kusamehewa kwangu? Wewe uliyenisemea mpaka ukakaukwa na sauti? Ningekuwa na kaka wa tumbo moja asingefanya zaidi." Akafuta mikono kwa kanga, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoanza kushika kutu. "Tena afadhali umekuja. Nami nina ombi, na naona haya kulisema."

"Sema tu."

"Humu mna kitovu cha Mbeyu." Mbeyu akageuka upande wa pili kwa aibu, kama wafanyavyo wasichana wakitajwa walivyokuwa wachanga. "Miaka kumi na sita nahama nacho kutoka chumba mpaka chumba. Nilisema nikipata kwangu nitakifukia. Sasa kwangu pako wapi, na baba yake hakutuachia shamba? Nikaona, kwa kuwa unakwenda kwenye heri, nikuombe ruhusa nikifukie pale chini ya mnazi wako. Nafasi ndogo tu, kaka. Sitapanda kitu. Nataka mtoto awe na mahali pa kuonyesha akiulizwa."

Mnazi wako! Abdulwahab alishika mlango. Twaiba akadhani ni jua, akamwambia Mbeyu alete maji, na Abdulwahab akayanywa yote bila kupumua.

"Njoo Alhamisi," alisema. "Siku ya dua. Njoo ukifukie."

Twaiba akamshika mkono na kuubusu, naye akauacha ubusiwe.

Alimkuta mkewe Yusra uani, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mchuzi. Nazi yenyewe ilitoka mnazi ule ule. Yusra hakuinua kichwa.

"Umemwambia?"

"Amenisamehe."

"Sikukuuliza hilo."

"Amesema duniani na akhera, Yusra. Mbeyu alikuwepo akasikia."

"Amesamehe nini, Wahabu?"

"Nilichojua na nisichojua."

Yusra akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake. Kisha akaacha kukuna. Ieleweke kwamba Yusra naye hakuwa malaika. Siku ile ya kamati mumewe aliporudi na kumwambia kilichotokea, yeye ndiye aliyechinja kuku. Alimpika, wakamla wakiwa wamefunga mlango, na tangu hapo hawakulizungumza.

Abdulwahab akamweleza habari ya kopo. Yusra alisikiliza mpaka mwisho, uso ukimbadilika.

"Basi ndiyo umwambie?" aliuliza. "Sasa hivi? Abdulaziz amepandisha ukuta, harusi ni mwezi wa nane, na wakwe wameshakuja kuona nyumba. Ukisema, mimi nakwenda wapi na mbuzi yangu hii? Narudi Bodo kwa kaka zangu, na miaka hamsini na mitatu?"

"Sasa nifanye nini?"

"Ungefanya miaka kumi na sita iliyopita."

"Na wewe ungesema."

"Ningesema, eeh." Akaanza kukuna tena, kwa nguvu, mpaka akajikwaruza kidole. "Ningesema. Nilikula paja."

Jumatano ilikuwa darasa la mwisho la mahujaji, katika madrasa moja ya Ukunda. Ustadh Feisal ni kijana, ndevu zenyewe bado hazijajaa, lakini ana elimu na hana haraka. Alikuwa akieleza nguzo za toba. Kuacha kosa. Kuwa na nadama. Kuazimia kutolirudia. Na kama kosa ni la haki ya mja, kumrudishia mja haki yake.

Mzee mmoja wa Tiwi akainua mkono. "Ustadh, hiyo nadama ndiyo majuto?"

"Ndiyo hiyo, lakini ina habari yake. Nyinyi wazee mmelisikia neno hili kuliko sisi. Vijana wa siku hizi ukiwaambia nadama wanadhani ni jina la msichana." Watu wakacheka. "Ni neno la Kiarabu, limekuja na vitabu na mabaharia, likakaa huku pwani miaka na miaka. Katika mzizi huo huo Waarabu wana neno nadimu, yule mwenzi wa kuketi naye na kunywa naye. Wako wataalamu wanaosema ndio asili moja: nadama ni jambo lililokuganda likawa mwenzako. Unakula nalo, unalala nalo. Wengine wanasema ni bahati tu ya herufi. Mungu ndiye ajuaye. Lakini mimi napenda maana hiyo ya kwanza, kwa sababu mtu anaweza kujuta kwa kuwa amekamatwa, na akiachiwa majuto yanaisha. Nadama haingoji ukamatwe."

Abdulwahab hakucheka na wenzake. Alikuwa akimsikia bibi yake. Yeye na Twaiba waliwahi kuvunja mtungi mpya wa bibi wakigombania kata ya maji, yeye akiwa na miaka kama tisa hivi na Twaiba sita. Bibi aliwasimamisha ukutani na hakuuliza nani kavunja. Aliuliza, "Mna nadama, au mnaogopa fimbo?" Twaiba alisema anaogopa fimbo, akasamehewa kwa kusema kweli. Abdulwahab alisema ana nadama. Alikuwa anaogopa fimbo.

Baada ya darasa alimfuata ustadh nje, penye viatu. "Ustadh, mtu akishasamehewa, lakini yule aliyemsamehe hakujua anasamehe nini?"

Ustadh Feisal akaacha kuvaa viatu. "Mtu gani huyo?"

"Mtu tu."

"Mwambie huyo mtu tu," alisema ustadh, na hakukuwa na kejeli ndani yake, "msamaha wa namna hiyo unafaa kwa ngazi ya kuazima na kwa maneno ya barazani. Kwa haki ya mtu haufai. Hata akiubeba mpaka Maka, atarudi nao kama alivyokwenda nao."

Alhamisi baada ya alasiri turubai lilikuwa limefungwa, pilau imeiva, na watu wamejaa mpaka njiani. Wanaume walikaa mkekani mbele ya nyumba, wanawake upande wa jikoni. Ustadh Feisal alisoma dua, watu wakaitikia amina. Kisha, kama ilivyo desturi, msafiri akasimama kutaka radhi mbele ya wote.

"Jamaa zangu," alisema Abdulwahab, "nisameheni."

"Tumekusamehe!" wakasema kwa pamoja. Sauti moja kutoka jikoni ilizidi zote, na hakuna mtu wa Kinondo asiyeijua sauti ya Twaiba. Sahani zikaanza kupita.

Twaiba hakungoja kula. Alitoka jikoni na jembe la kuazima, Mbeyu nyuma yake na kopo, wakaenda mpaka kwenye mnazi ulio hatua ishirini kutoka kwenye turubai. Akavua viatu. Akageuka kumtafuta Abdulwahab kwa macho, na kwa adabu zake zote akauliza kwa sauti, "Kaka, bismillahi, nianze?"

Yusra alikuwa amesimama na upawa mkononi. Alimtazama mumewe na kutikisa kichwa, taratibu, usiseme. Abdulwahab aliliona hilo vizuri sana. Akaweka sahani yake chini, akaruka miguu ya watu, akaenda mpaka kwenye mnazi.

"Usiniombe ruhusa," alisema.

"Kwa nini tena? Si mwenye kitu huombwa?"

"Ndiyo maana usiniombe. Mnazi ni wako, Twaiba."

"Ahsante kwa kauli yako, kaka, najua huna choyo..."

"Nisikilize!" Alipandisha sauti, na kule mkekani watu wakaacha kutafuna. "Wazee hawakukataa. Wazee waliuliza kitovu cha nani, nami nikasema changu. Hawakukukatalia kitu, sikuwaambia habari yako kabisa. Sauti haikunikauka. Nilisema neno moja."

Mbeyu alimwangalia mama yake. Twaiba alikuwa bado ameshika jembe.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa alijua watu wote wanasikia, na mwanawe Abdulaziz alikuwa amesimama pale na jagi la juisi. Alisema habari ya kamati, akasema habari ya kipande kilichouzwa na nauli iliyotoka hapo. Kwa upande wa jikoni Yusra alikaa chini, pale pale penye majivu, na nguo yake mpya.

"Vile vileja," alisema Twaiba. "Vileja vyangu vya Idd. Ulikuwa unavila?"

"Nilivila."

"Ulikuwa unasema, mwambie Twaiba ahsante."

"Ndiyo."

Mtu mmoja mkekani alisema lahaula, mwingine akamnyamazisha. Twaiba akamsogelea binamu yake mpaka karibu, na akauliza kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia. "Una nadama, Wahabu, au unaogopa Maka?"

Kwa mara ya kwanza hakumwita kaka. Abdulwahab akafungua mdomo. Alitaka kusema ana nadama, na akajikumbuka pale ukutani na miaka tisa yake. Akatikisa kichwa. "Sijui," alisema. "Wallahi sijui."

"Basi ule msamaha wangu wa Jumanne naurudisha. Nilikupa nikidhani unasamehewa maneno. Huu wa mnazi sijakupa, na watu hawa wote mashahidi." Akamgeukia binti yake. "Mbeyu, lete kopo. Na wewe sogea, unasimama juu ya kitovu changu."

Abdulwahab akasogea. Wakachimba, mama na mtoto, bila kusaidiwa na mtu, wakafukia na kushindilia kwa miguu. Kisha Twaiba akavaa viatu, akarudisha jembe la watu jikoni, na kuondoka bila kuonja pilau.

Ijumaa alfajiri basi la mahujaji lilisimama barabarani likapiga honi mara tatu. Abdulwahab alitoka, lakini hakuwa na begi. Alimkabidhi Ustadh Feisal pasipoti dirishani. "Waambie mawakala wa safari warudishe nauli, kile kitakachorudi," alisema. "Kisiletwe kwangu. Kipelekwe Bongwe." Ustadh akamshika bega tu, na basi likaenda zake.

Sasa mtu angedhani watu wangemheshimu kwa hilo. Wapi! Watoto wa madrasa waliendelea kumwita Alhaji, na safari hii walicheka zaidi. Abdulaziz hakusema na baba yake siku tatu. Yusra alibeba kikapu cha nazi mpaka Bongwe kuomba nyumba, na Twaiba akakipokea kikapu, akasema, "Ahsante kwa kuniletea nazi zangu," akaongeza kwamba nyumba wakae mpaka harusi ipite, kisha watazungumza. Halafu akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Yusra alisema afadhali angeubamiza.

Jumatatu walikutana Kwale, ofisi ya ardhi. Twaiba alikuwa ameshafika, amekaa mwisho wa benchi na Mbeyu ubavuni, bahasha mapajani. Abdulwahab akakaa mwisho wa pili. Palikuwa na nafasi ya watu watatu katikati na hakuna aliyekuja kuijaza. Karani aliwapa namba, akawaambia wangoje, shughuli ya kuhamisha hati si ya siku moja.

Wakangoja. Saa nne Twaiba alifungua mfuko wake wa mahamri. Tangu utoto wao, andazi la Twaiba likitoka mfukoni hukatwa vipande viwili, na kimoja ni cha Abdulwahab. Safari hii alimkatia Mbeyu, akala la kwake, akafunga mfuko. Abdulwahab alitazama ukutani kwenye kalenda ya mwaka uliopita.

"Twaiba," alisema mwishowe. "Lile swali lako."

Twaiba hakugeuka, lakini aliacha kukunjakunja bahasha.

"Maka imeshapita. Basi limekwenda, na hakuna ninachokiogopa tena, watu wameshanicheka mpaka wamechoka. Na nadama bado ninayo. Naamka nayo, nakuja nayo mpaka hapa." Akageuka kumwelekea. "Sikuambii unisamehe. Nakujibu swali tu."

Twaiba akageuka. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazamwa na bibi yao pale ukutani, na Abdulwahab hakutazama kando.

"Basi kaa nayo," alisema.

Karani akaita namba yao. Wakasimama wote watatu, Twaiba akatangulia na bahasha yake, na Abdulwahab akafuata nyuma.